Baiskeli Iliyobaki Imetundikwa

Ukiona baiskeli imetundikwa peke yake kwenye reli ndefu ya chuma, wewe utaona baiskeli tu.

Mimi niliona maiti.

Tulieni nieleze, maana najua humu ndani kuna watu wameshaanza kuniita mwendawazimu.

Kuna mchezo unaitwa triathloni. Unaogelea kwanza, ukitoka majini unarukia baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia kwa miguu mpaka mwisho. Yote kwa mkupuo mmoja, na hakuna aliyekutuma. Baiskeli zote zinatundikwa kwenye reli karibu na maji, kila moja na namba yake, helmeti imening'inia kwenye usukani. Mtu akitoka majini anakimbilia yake, anavaa helmeti, huyoo.

Kwa hiyo baiskeli ikibaki, ujue mwenyewe hajatoka majini.

Na iliyobaki siku ile ilikuwa ya mume wangu.

Mimi ni fundi wa vioo. Nakata vioo vya madirisha na milango kwenye karakana yenye vumbi, na redio isiyozimwa. Mume wangu anatengeneza mafriji. Mtaani wanatuita Mama Pacha na Baba Pacha, kwa sababu ya wanetu wawili waliokuja kwa pamoja bila taarifa.

Baada ya pacha nilinunua baiskeli ya mtumba nipunguze mwili. Mwili haukupungua sana, ila nikanogewa. Asubuhi natoka nje ya mji, barabara tupu, nyasi bado zina umande, hakuna anayeniita mama wala fundi. Jamani, ile hewa! Baba Pacha akaanza kunifuata kwa kukimbia. Yule mtu ana mapafu. Nikirudi nimechoka hoi, yeye ndio kwanza anapiga mluzi.

Basi tukajikuta kwenye kundi la watu wa triathloni.

Tatizo likawa maji.

Niseme ukweli, mimi maji nilikuwa nayaogopa. Siyo kuogopa kwa kutania. Siku tukienda kuogelea ziwani, usiku wake silali. Nikiingiza uso majini nikaona chini giza, tumbo linanikata. Lakini nilimwona Baba Pacha anaingia kimya kimya, hasemi neno, nikasema mwenzangu anayapenda haya mambo, mimi ni nani nimharibie raha yake?

Nikanyamaza.

Majini huwezi kuongea, kwa hiyo tulijiwekea ishara. Tuliogelea pembeni, pale mtu ukichoka unasimama, mimi mbele yeye nyuma. Akinigusa unyayo mara moja, maana yake nipo. Akinigusa mara tatu haraka haraka, maana yake simama, nina shida.

Hiyo ya mara tatu hakuwahi kuitumia.

Siku ya mashindano ikafika. Pacha tuliwaacha kwa shangazi yao. Watu kibao ufukweni, spika inapiga kelele, kila mmoja kavaa kofia ya kuogelea ya njano, hata humjui nani ni nani.

Kila mtu alifungwa kifaa cha plastiki kifundoni. Ukikanyaga mkeka wa mashine kabla ya kuingia majini, mkeka unalia "pii." Hapo umehesabiwa kwamba umeingia. Ukitoka majini kuna mkeka mwingine, nao unalia. Umehesabiwa kwamba umetoka.

Tulikanyaga mkeka pamoja. Pii. Pii.

Nikamuuliza, "Unaogopa?"

"Aah, wapi! Wewe je?"

"Mimi? Niogope nini?"

Akanishika bega. "Tangulia, Mama Pacha. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Honi ikalia.

Jamani, kuogelea na umati siyo kuogelea. Ni ugomvi. Huyu anakupiga kiwiko, yule anakupanda mgongoni, maji yanaingia puani. Tulipofika kwenye kina nikaangalia chini. Weusi mtupu. Majani marefu yakanipitia tumboni, nikapiga ukelele ndani ya maji, nikameza maji mengi.

Nikajisemea, leo ndio leo. Pacha wangu wanabaki na nani?

Hapo ndipo nikaguswa unyayo.

Nikaguswa tena. Na tena.

Sasa, majini kwenye mashindano kuna wajanja. Wanajibanza nyuma ya miguu yako ili wewe ukate maji na wao wateleze kwa ulaini. Kila baada ya muda vidole vyao vinakupapasa. Inakera kuliko mbu. Mimi wakati huo roho iko mkononi, halafu mtu ananipapasa miguu!

Nikarusha teke.

Siyo teke la kufukuza. Teke la hasira zangu zote na hofu zangu zote. Kisigino kikakita kwenye kitu kigumu, nikasikia kabisa kimegota kwenye mfupa.

Sikuguswa tena.

Na niwaambie kitu, nilifurahi. Nikasema, komesha!

Nilitoka majini nimelegea, lakini hai. Nikakimbilia baiskeli. Ya Baba Pacha ilikuwa jirani na yangu, bado imetundikwa. Sikushtuka. Mume wangu akiwa majini ana mwendo wa konokono, hilo nalijua. Na baiskeli nyingi zilikuwa bado zipo.

Nikapanda, nikaondoka na tabasamu. Upepo, barabara, miguu yangu. Hapa ndipo kwangu.

Njia ya baiskeli ilikuwa ya kuzunguka. Kila mzunguko unapita kando ya zile reli. Mzunguko wa kwanza nikatupa jicho. Ipo. Zimebaki baiskeli chache, na yake ipo.

Nikasema atakuwa anafunga viatu.

Mzunguko wa pili nikapunguza mwendo, nikageuza shingo.

Reli zote tupu.

Baiskeli moja tu. Usukani una utepe mwekundu niliouzungushia mwenyewe sebuleni kwetu, wakati yeye ananishikia mkasi.

Nikashika breki.

Halafu unyayo wangu ukakumbuka kabla ya kichwa. Nimeguswa. Nikaguswa tena. Na tena. Haraka haraka.

Mara tatu.

Simama, nina shida.

Na mimi nikampiga teke la uso.

Sijui nilishukaje kwenye baiskeli. Nakumbuka imeanguka nyuma yangu, na msimamizi mmoja kijana ananikimbilia anapunga bendera.

"Dada! Dada, ukisimama hapa unatolewa kwenye mashindano!"

"Nitoe! Mume wangu yuko wapi?"

"Namba yake?"

Nikamtajia. Akaongea kwenye redio yake ya mkononi, akasikiliza, akaacha kuniangalia usoni. Nikaijua ile. Nimeshaona watu wakiangalia pembeni namna ile hospitalini.

"Kaka, sema."

"Mashine inasema aliingia," akasema polepole. "Haisemi kama alitoka."

Nikakimbilia ufukweni.

Boti za uokoaji zilikuwa zimeanza kurudi ufukweni. Zikageuzwa. Mzee mmoja mwenye boti, sauti nzito kama ngoma, akawapigia kelele vijana wake wavae mitungi ya hewa. Nikaingia majini na viatu vyangu vya baiskeli, mhudumu wa huduma ya kwanza, mama mmoja mnene, akanidaka kiunoni.

"Niache! Nimempiga mimi! Alikuwa ananiita nikampiga!"

"Umempiga nani, mwanangu?"

"Baba Pacha!"

Nilimwambia yule mzee wa boti kila kitu. Mahali, majani marefu, teke. Aliniangalia tu, akatikisa kichwa, akaondoa boti. Nikaona wale vijana wawili wanajirusha kinyumenyume, maji yakajifunga juu yao.

Spika ikaanza kuita namba yake. Mwenye namba hii afike kwa wasimamizi. Ikaita tena. Watu wakanyamaza. Hata muziki ukazimwa.

Niliogopa siku ile. Nimewahi kukatwa na kioo mpaka mfupa ukaonekana, sikuogopa vile. Nilikuwa nawaza vitu vya kijinga. Nawaza nani atamalizia lile friji la jirani lililofunguliwa jikoni kwetu. Nawaza pacha watauliza, "Baba yuko wapi?" nami nitasema nini? Nimemuua mimi, wanangu, kwa kisigino hiki?

Yule mama mhudumu akanikokota mpaka kwenye hema lao, nyuma kabisa, karibu na vyoo vile vya plastiki vya kuhamishika. Akanipa viatu vya Baba Pacha vya kukimbilia vilivyokuwa chini ya baiskeli yake. Ndani mume wangu alikuwa ameshakunja soksi tayari. Nikavikumbatia nikalia kwa sauti.

Mara akaja dada wa usafi, kafura.

"Mama, hebu njoo. Kuna mtu kajifungia kile choo cha mwisho tangu mbio zinaanza. Nikigonga anasema anakuja. Haji! Foleni imefika hukooo. Labda anaumwa."

"Subiri, mwanangu, huku kuna msiba."

"Basi mgongee wewe mara moja tu."

Yule mama akapiga hatua chache, akagonga. "Wewe uliyemo humo! Mzima?"

Sauti ikatoka ndani, ya chini, ya kinyonge.

"Nakuja."

Nikaacha kulia.

Ile "nakuja" naijua mimi. Ndiyo ninayojibiwa kila siku chakula kikiwa kinapoa mezani.

Nilifika pale mlangoni sijui kwa kuruka au kwa kutambaa. "BABA PACHA!"

Nikaupiga mlango ngumi.

Halafu komeo likavutwa, taratibu.

Alikuwa mkavu. Mkavu kabisa, hana tone la maji! Kofia ya njano imembana kichwani, miwani ya maji iko shingoni, macho mekundu.

"Mama Pacha? Wewe si uko kwenye baiskeli?"

Nilimpiga na kiatu. Nikampiga na cha pili. Kisha nikamshika shingoni, nikamnusa kama ninavyowanusa pacha, tukaanguka wote mlangoni mwa choo mbele ya foleni nzima.

Alikanyaga mkeka, ukalia pii, mashine ikamhesabu. Honi ilipolia, kila mtu akakimbilia mbele, yeye akainama akapita chini ya kamba, akakimbilia chooni. Aliisikia spika. Alidhani wanamwita wamtoe kwenye mashindano, akasema wataita mpaka wachoke. Mpango wake ulikuwa asubiri mpaka nimalize, atoke, aniambie baiskeli ilipata pancha.

Mzee wa boti alipopewa habari alikuja amekunja ngumi.

"Vijana wangu wawili wako chini kule wanapapasa matope, wewe uko chooni?"

Baba Pacha hakujitetea. "Nisamehe, mzee."

"Hao nao wana wake zao!" Akageuka akaenda zake. Wale vijana walipopanda juu salama, mume wangu aliwafuata mmoja mmoja kuwaomba radhi, na kichwa chini. Tumefungiwa mashindano yale, wote wawili, na ni halali yetu.

Najua mnataka kuuliza. Sasa nani alinigusa?

Tulipokuwa tunafunga mizigo akaja baba mmoja mnene, pamba zimejaa puani, pua yenyewe imevimba mpaka machoni.

"Samahani, dada. Wewe ndiye mwenye kile kisigino?"

Nikatamani ardhi inimeze.

"Nilikuwa nimejibanza nyuma yako," akasema kwa sauti ya mafua. "Unaogelea vizuri sana. Ila siku nyingine uwe unatoa taarifa."

Nilimshika yule mtu mkono kwa mikono miwili. Sijawahi kufurahi kuona pua imevimba namna ile.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, Baba Pacha hakuniangalia. Akaanza tu.

"Mimi maji nayaogopa. Tangu siku ya kwanza. Kule kwenye kina nikifikiria tu, nashindwa kupumua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe unaingia kama samaki. Nikasema mke wangu kapata kitu anachokipenda, nimharibie?"

Nilitaka kucheka, machozi yakawahi. Nikamwambia kuhusu usiku nisiolala, kuhusu tumbo, kuhusu ukelele ndani ya maji. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo sote wawili..."

"Sote wawili."

Mwaka mzima, kitanda kimoja, kila mmoja amelala upande wake anatetemeka peke yake kwa ajili ya furaha ya mwenzake, furaha ambayo haikuwepo.

Siku hizi ni baiskeli na mbio tu. Ziwa tunaliangalia kwa mbali, limetulia, zuri, tunakunywa maji yetu ya chupa tunaondoka.

Nawaachia hili moja. Usimuulize mwenzako kama anaogopa. Atakwambia hapana, kama nilivyoambiwa mimi, kama nilivyojibu mimi. Anza wewe. Mwambie, "Mwenzio naogopa," halafu nyamaza, usikilize atakachosema.