Kipimajoto cha Kubandika

Mwanangu aliponiuliza kama tangi lake la samaki wa bahari linaweza kukaa sebuleni kwangu, hapa Soweto, Mbeya, nilipaswa kumwambia hapana. Mbeya ni baridi, mimi ni mzee, na bahari nimeiona mara moja tu maishani. Nikamwambia, "Lete."

Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha mbao Mafinga, na mwenye nyumba aliyempangisha chumba huko hakutaka kusikia habari za tangi. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Tangu aanze kujitegemea alikuwa akija nyumbani kama mgeni, anakunywa chai huku ameshika begi lake. Nikajiambia, samaki wakikaa kwangu, atakuja.

Na kweli alikuja. Kila baada ya wiki mbili alifika Jumamosi, akakoroga chumvi ya samaki kwenye ndoo, akabadilisha maji, akasugua kioo. Mimi nilishika mpira wa maji na tukazungumza, yeye akinieleza habari za msumeno mpya, mimi nikimsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza alipokuwa mdogo. Alilala mpaka Jumapili. Mama yake alianza kumwekea ndizi tangu Ijumaa.

Halafu ukaja mwezi wa sita, na mimi nikavunja kipimajoto cha tangi. Nilikuwa nafuta vumbi. Nikampigia simu.

"Si kitu, Baba," akasema. "Nunua chenye waya, ambacho ncha yake inazama ndani ya maji. Kuna kingine cha kubandika nje ya kioo, hicho usinunue. Kinapima kioo, hakipimi maji."

"Nimeelewa."

Nilielewa kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Nilianza na duka la dawa. Binti wa pale akaniamkia vizuri, akatoa kipimajoto cha homa.

"Nataka cha samaki," nikasema.

Akageuka kumwita mwenzake. "Njoo umsikie babu! Samaki wake wana homa!"

"Babu, utawawekea kwapani?" mwenzake akauliza.

Nilicheka nao, lakini kile kilianzia nyuzi thelathini na tano, na samaki wangu walitakiwa kukaa kwenye ishirini na tano au sita. Kwa kipimo kile wangeonekana maiti kila siku. Nikaenda duka la dawa za mifugo. Walikuwa na cha mashine ya kutotolesha vifaranga, cha duara, chenye mshale. Nikauliza kama kinaweza kuzama majini. "Mzee wangu," muuzaji akasema, "kikizama nakuuzia kingine. Achana na samaki wa maonyesho, chukua vifaranga, utakula mayai." Nikazunguka soko zima la Mwanjelwa mpaka miguu ikawaka moto, nikieleza jambo lile lile kwa watu walionitazama kama nimechanganyikiwa.

Mwishoni nikampata kijana anayeuza vifaa vya umeme, na alikuwa navyo vyote viwili. Kile chenye waya kilikuwa na kioo kidogo kama ukucha wa kidole gumba, tarakimu za kijivu juu ya kijivu. Nikakisogeza karibu, nikakipeleka mbali, nikakigeuzia jua.

"Inasema ngapi, mzee?"

"Ishirini na nane."

Akachungulia. "Ishirini na tatu, mzee."

Nyuma yangu kulikuwa na wateja. Mmoja akasema, "Mpelekeni mzee akapimwe macho kwanza, samaki wasubiri." Wakacheka. Mke wangu alikuwa akiniambia jambo hilo hilo kwa muda mrefu, na nilikuwa nikikataa. Kile cha kubandika kilikuwa kama karatasi tu, chenye namba kubwa zinazong'aa kijani, ningeweza kuzisoma nikiwa mlangoni. Nikakinunua.

Jioni mwanangu akapiga. "Umepata chenye waya?"

"Nimepata."

Neno moja. Ningeweza kumwambia kwamba sioni vizuri, naye angekuja na kipimo chake mwenyewe. Badala yake nikasema nimepata.

Kuanzia siku hiyo alinipigia kila akitoka kazini. Sasa, mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa jinsi nyumba zetu zinavyokuwa mwezi huo. Mke wangu huwasha jiko la mkaa nje, moshi ukiisha analiingiza sebuleni, tunalizunguka. Kiti changu nilikuwa nimekisogeza kando ya tangi ili niwatazame samaki, na jiko likawekwa miguuni pangu, mbele ya kioo. Karatasi ile niliyobandika ilikuwa inaota moto kama sisi.

"Ngapi, Baba?"

"Ishirini na tisa."

"Mbona juu? Zungusha kile kitufe cha hita, ishushe kidogo."

Nikashusha. Kesho yake jioni nikasoma ishirini na tisa tena, akaniambia nishushe tena. Asubuhi karatasi ilikuwa haionyeshi namba yoyote, nami nikajieleza kwamba ni kioo kimepoa kwa baridi. Nililikumbuka onyo la mwanangu asubuhi, jioni nikalisahau.

Mke wangu alichovya kidole. "Mzee, haya maji mbona kama ya kisimani?"

"Wewe unapima kwa kidole," nikamjibu. "Mimi nina kipimo."

Siku iliyofuata niliamka nikakuta wale wadogo wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, wamelala juu ya mchanga. Yule mkubwa wa bluu alikuwa amejibana kwenye kona, anafungua mdomo taratibu. Nikatia mkono majini kwa mara ya kwanza. Maji yalikuwa kama ya ndoo iliyolala uani. Nikapandisha hita mpaka mwisho, nikampigia simu. Kabla ya mchana yule wa bluu naye alikufa.

Jumamosi mwanangu akafika. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa tangi, pande zote.

"Baba, waya uko wapi?"

Nikamwonyesha karatasi. Akaitazama, kisha akalitazama jiko lenye majivu ya jana, chini yake. Sikuhitaji kumweleza.

"Kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nawazimia joto," akasema.

"Ni mimi niliyekudanganya."

"Ndiyo, Baba."

Hakupandisha sauti. Ningependa angefoka, nami nipate la kujibu. Alichota maji kwa ndoo, na mama yake alipotaka kumsaidia kuyamwaga nje, akamwambia, "Si hapo, Mama, chumvi itaua mchicha wako." Tangi alimuuzia mtu wa Iringa mjini. Hakulala.

Kulipokea lile tangi kulinigharimu samaki wote wa mwanangu, na Jumamosi zetu. Siku hizi anakuja Krismasi. Kwenye simu ananisalimia kwa heshima zote, na nikimwambia sijambo, anaomba apewe mama yake, amuulize yeye kama ni kweli.