Weupe Uliokataa Kutoka Vidoleni mwa Mama Dari

Saa mbili kasoro robo asubuhi, ukumbi wa shule unanuka lipu mbichi. Viti vimesukumwa ukutani na kufunikwa nailoni. Katikati limesimama jukwaa la mabomba, na chini yake kuna mwanamke wa miaka arobaini na mitatu aliyevaa ovaroli yenye madoa ya kila rangi. Amenyoosha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vinabonyeza kifundo chake. Amefumba macho. Anahesabu kimyakimya.

"Thelathini," anasema na kufumbua macho. "Haya, yapo. Tupande."

Anachohesabu ni mapigo ya damu. Mwaka jana wakati kama huu, mkono huo ukiinuliwa namna ile, mapigo yalikuwa yanakatika kabisa, kama bomba lililokanyagwa. Hakuna daktari aliyemwagiza afanye hesabu hiyo kila asubuhi. Anaifanya kwa ajili ya roho yake.

Wenzake wanamwita Mama Dari. Kazi ya rangi anaifanya mwaka wa kumi na tisa sasa, na kuta hazimpi raha.

"Ukuta kila mtu anaweza," anasema huku akichovya rola. "Dari inataka shingo na moyo. Rangi inakudondokea usoni na huna pa kukimbilia."

Leo ni siku kubwa kwake, ingawa anajitia kuwa ni siku kama nyingine. Tangu afanyiwe operesheni miezi saba iliyopita amekuwa akipewa kuta na milango tu. Daktari amemruhusu dari kwa sharti la kupumzika kila nusu saa. Msimamizi wa kazi naye ametoa sharti lake: aimalize dari hii kabla ya saa kumi jioni, peke yake na bila mabaka. Akiweza, atarudishiwa dari zote. Akishindwa, atabaki na milango.

Mafundi wa dari wana dawa yao ya ganzi. Mkono ukifa ganzi unashushwa, unakung'utwa kama unaokaushwa maji, kisha rola inapanda tena. Wanaita kuteremsha damu. Mama Dari ndiye aliyewafundisha nusu ya mafundi wa kampuni hii.

"Na kwangu ilikuwa inakubali kuliko kwa mtu yeyote," anasema, akicheka kwa uchungu kidogo. "Nikishusha tu, dakika mbili, mkono umerudi. Sasa nani aende hospitali kwa kitu kinachopona chenyewe?"

Miezi ikapita hivyo. Akaanza kushusha mkono kila dakika kumi, halafu kila dakika tano. Kwenye zahanati alikoenda hatimaye aliambiwa ni msuli, akapewa dawa ya kuchua. Alijichua kwa bidii ya mtu anayesugua kuta kwa msasa, na haikusaidia kitu.

Kisha brashi ikaanza kumponyoka. Siku moja ilimtua kichwani fundi mwashi aliyekuwa akichanganya saruji chini ya jukwaa. Mwashi huyo yupo hapa leo, anaziba nyufa za dirishani, na kisa hicho bado anakisimulia kwa raha zake.

"Nilizeeka kwa sekunde moja," anasema, akijishika nywele ambazo siku ile ziligeuka nyeupe kwa rangi. "Nikamwambia, dada, kama unataka kunioa sema tu, usinipige brashi. Yeye hacheki. Anautazama mkono wake. Hakusikia hata brashi ilipotoka."

Kilichomzuia kushtuka mapema ni kitu ambacho fundi wa dari peke yake ndiye angekosea. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vikigeuka vyeupe kila baada ya kazi. Na fundi anayepaka dari nyeupe kutwa nzima atashangaa nini akiona vidole vyeupe? Alivisugua kwa maji. Alivisugua kwa thina. Siku ile mumewe alipomkuta bombani, alikuwa anavisugua kwa mafuta ya taa, mpaka ngozi ya kidole cha shahada imechubuka.

Mumewe ni kinyozi. Tulimkuta kibandani kwake akimnyoa mteja, na hakuacha kunyoa alipokuwa akizungumza nasi.

"Mimi kutwa nashika vichwa na masikio ya watu, ngozi naijua," alisema. "Nikamshika ule mkono. Ulikuwa baridi kama umetoka mtungini. Nikamwambia, mke wangu, hii si rangi. Hii ni ngozi yako."

Kesho yake hakufungua kibanda. Alimpeleka mkewe hospitali ya rufaa, akihofia kwamba akimwacha aende peke yake ataishia kwenye jukwaa.

Daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu ni mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alimshika Mama Dari kifundo cha mkono, akaunyanyua mkono juu, akasubiri. Kisha akamwita kinyozi aje naye ashike.

"Ulikuwa unapiga, pa, pa, pa," anasema kinyozi. "Mkono ukapanda, ukanyamaza. Nilidhani mke wangu anakufa kipande kwa kipande."

Picha ya eksirei ilionyesha kitu ambacho watu wachache huzaliwa nacho, na wengi wao huishi nacho mpaka uzeeni bila kukijua: kifupa chembamba chini ya shingo, juu ya mbavu za kawaida. Mama Dari alikuwa na ubavu wa ziada.

"Kwa mtu mwingine ungekaa kimya," daktari alituambia. "Kwa mtu anayeinua mkono kutwa nzima, miaka kumi na minane, ulikuwa unaukanyaga mshipa mkubwa unaopeleka damu mkononi. Mshipa ukajeruhiwa, ukavimba, damu ikaanza kugandia ndani yake. Vipande vikawa vinakatika na kuziba mishipa midogo ya vidole. Yeye alidhani anateremsha damu. Kumbe mara nyingine alikuwa anateremsha madonge."

Kinyozi alipoelezwa habari ya ubavu, alijaribu kumchekesha mkewe. "Daktari, hesabu zenu zimekosewa. Ubavu uliopungua kwangu ndio huo umeuona kwake." Daktari alitabasamu. Mama Dari hakutabasamu. Alikuwa na swali moja tu.

"Nilimuuliza, nitaweza tena kunyoosha mkono juu nikafanya kazi? Akasema, hilo siwezi kukuahidi. Pale mahali pamejaa mishipa ya fahamu, mkono unaweza kulegea. Ila ukiuacha hivi, utavipoteza vidole, na baadaye pengine mkono wote."

Siku tatu hakulala vizuri. Alikuwa akikaa kitandani anaufungua na kuufunga mkono. "Niliogopa, sitaki kudanganya," anasema. "Si kufa. Niliogopa kuwa mtu wa kufanyiwa kila kitu. Mwisho nikasema, heri nusu shari kuliko shari kamili. Wakate."

Operesheni ilichukua saa tano. Walichana juu ya mfupa wa mtulinga, chini ya shingo, wakautoa ule ubavu, wakakata kipande cha mshipa kilichoharibika na kuunga kingine kilichotolewa pajani mwake. Mwashi, aliyekuja kumwona siku ya pili, alielezwa yote hayo akatikisa kichwa kama mtaalamu. "Kiraka ni kiraka, dada. Mradi hakivuji."

Alipozinduka, jambo la kwanza alilolisikia ni joto. "Mkono ulikuwa wa moto mpaka nikadhani wameniwekea wa mtu mwingine," anasema. "Nililia. Nesi akauliza panauma? Nikamwambia hapana, mama, pana joto."

Si kila kitu kilirudi. Ncha ya kidole cha shahada imebaki nyeusi kidogo na haina hisia, kwa hiyo amejifunza kushika brashi kwa vidole vingine. Anameza kidonge kimoja kila siku cha kuzuia damu isigande. Kushoto nako kuna kifupa kama kile, kidogo zaidi, ambacho hakijaubana mshipa, na kila miezi sita anakwenda kukaguliwa. Ameacha pia kufundisha kuteremsha damu. Fundi akilalamika ganzi, anamshusha jukwaani, anamnyanyua mkono na kumtafuta mapigo. Wawili amekwisha kuwapeleka hospitali kwa nguvu. Wote walikutwa wazima, na wote bado wanamnung'unikia.

Saa kumi kasoro dakika ishirini, rola inagusa kona ya mwisho ya ukumbi. Mama Dari anashuka polepole na kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Msimamizi anazunguka na tochi, shingo nyuma, akitafuta baka. Anazunguka mara ya pili. Mwashi anajifanya anaziba ufa ambao alikwisha kuuziba tangu mchana.

"Jumatatu kuna dari za vyumba vinane," msimamizi anasema na kuzima tochi. "Njoo mapema."

Mama Dari anaitikia kwa kichwa tu. Kisha anaifuta rola, hata ilipokwisha kuwa safi.

Tunamuuliza baada ya hapa anapanga nini. Jibu lake halihusu vyumba vinane.

"Nyumbani kwangu dari ni mbao tupu," anasema. "Miaka kumi na tisa napaka za watu, mganga hajigangi. Wiki sita baada ya operesheni nililala naitazama, siwezi hata kuinua kijiko. Mume wangu akaona navyoitazama. Akanunua rangi, akapanda juu ya meza, akaanza kupaka. Kinyozi! Rangi ilimwingia machoni, masikioni, mpaka mdomoni. Akapaka kona moja, ina mistari kama shamba la mahindi. Akasema zilizobaki ni zako, ukipona."

Anasimama na kukung'uta ovaroli.

"Jumapili hii namalizia. Dari yote itakuwa laini, bila mstari hata mmoja." Anacheka, macho yamelowa. "Ila ile kona sitaigusa."