Vifaranga Wasiohesabiwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, miaka michache baada ya uhuru, boma letu la kijijini Giakanja lilitawaliwa na ndege wawili. Sitanii. Baba alikuwa seremala, na kwa mabaki ya mbao akaunda kisanduku kilicho wazi mbele, akakipigilia chini ya paa la jikoni ili ndege wazalie humo. Majirani walicheka sana. Choo chetu hakikuwa na mlango, na fundi anawajengea ndege!

Wakaja wale weusi kwa weupe wanaotembea uani wakitikisa mkia, ambao kwetu huitwa kanyoni ka nja, ndege wa uani. Cucu, mama yake Baba, alipowaona wakiingiza nyasi kisandukuni, alitangaza kwamba ndege hao ni wa boma: wakilea salama, na sisi tutalea salama. Mama alikuwa mjamzito, na baada yangu alikuwa amezika watoto wawili. Hakuna aliyethubutu kubisha.

Ai, tulikoma. Moto wa jikoni ulihamishiwa nje ili moshi usiwasumbue ndege, na huo ulikuwa msimu wa mvua. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe iliyonyeshewa. Paka wangu alipelekwa kwa shangazi aliyeishi Othaya. Tukaambiwa tusiwaonyeshe ndege kidole, tusipige mluzi, na zaidi ya yote, mayai yakianguliwa, tusihesabu vifaranga, maana kwetu kiumbe hai akihesabiwa hupungua. Mimi nilikuwa nimeanza kupenda hesabu, na kitu pekee cha maana cha kuhesabu pale nyumbani nikanyimwa.

"Mwalimu anasema tuhesabu kila kitu," nilimwambia Cucu.

"Mwambie ahesabu vyake, Nyambura," akajibu, akaendelea kumenya ndizi.

Basi mayai yalipoanguliwa nikawa nakaa kwenye gogo nikitazama bila kuhesabu, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa. Mzazi akifika na mdudu, midomo ya njano ilifunguka yote kwa pamoja, kila mmoja akidai yeye ndiye hajala.

Jumamosi moja akaja Baba Mdogo Kariuki, kitinda mimba wa Cucu, aliyefanya kazi Nairobi. Alipoona tunapika kwenye mvua alishika kichwa. "Ati hawahesabiwi? Mama, hiyo ni mambo ya zamani." Akapanda kigoda, akachungulia. "Moja, mbili..."

Cucu alimchapa mwiko wa shavu la mguu, akashuka pamoja na kigoda. Alichechemea hadi jioni. Nami nilinuna, si kwa sababu alihesabu, bali kwa sababu hakumaliza.

Asubuhi yake nilimkuta Cucu ameinama chini ya kisanduku. Kiganjani alikuwa na kifaranga kimoja kisicho na manyoya, kimekufa. Alinitazama tu, akakificha kwenye pindo la shuka yake. Mama naye akatoka, mkono kiunoni, na kama kila asubuhi macho yake yakaenda kwenye kisanduku kwanza.

"Wako wote?" aliuliza.

"Wako," Cucu akajibu.

"Lakini jana Kariuki alihesabu."

"Huyo alisema mbili, akaanguka. Si uangalie mwenyewe, Mama Nyambura. Midomo imejaa."

Mama akatazama. Hakujua walikuwa wangapi, hakuna aliyejua. Alishusha pumzi, akaenda kuwasha moto, kwenye mvua bila shaka.

Mtoto alizaliwa, msichana, na leo ananipigia simu kila wiki kubishana nami. Lakini kwa Cucu nilibaki na hasira miaka mingi. Kama kuhesabu kunaua, mbona alimdanganya Mama? Na kama hakuui, tulinyeshewa kwa nini? Nilimuuliza mara nyingi, akafariki bila kunijibu.

Halafu nikamzika mwanangu wa pili. Baadaye, sokoni Nyeri, mwanamke niliyesoma naye, ambaye hakuwa na habari, alinishika mkono akaniuliza siku hizi nina watoto wangapi. Nilifungua mdomo nitaje idadi, na ile ya zamani na ile mpya zote zikakataa kutoka.

"Wako," nikamwambia.

Aliridhika, akaanza kunieleza habari za watoto wake. Nami nilisimama pale na kikapu changu, nimemkasirikia Cucu upya kwa kutoniambia mapema kwamba sheria ile haikuwa ya ndege.