Sonara Aliyevishwa Spineli

Fakhriya ni sonara, na duka lake limepakana na langu la vitenge, Mtaa wa Mchikichini, Kariakoo. Ukuta wetu ni mbao tupu, kwa hiyo nayajua mengi ambayo hakuna aliyeniambia. Baba yake alimfundisha kuyeyusha dhahabu. Mawe ya vito alijifunza mwenyewe, na kipenzi chake ni spineli, ile nyekundu ya Mahenge.

Kipenzi hicho kimemfukuzia wateja kuliko mvua ya masika. Mteja anaona pete inawaka kabatini, anauliza, "Hii rubi?" Fakhriya anajibu, "Hapana mpenzi, spineli." Basi, mkono unarudi. Mara ngapi nimemwambia aseme rubi tu, nani atajua? Ananikodolea macho.

"Fortunata, rubi nyingi zinapikwa motoni ndiyo ziive rangi. Hii imetoka ardhini hivihivi, ikakatwa, ikang'arishwa, basi. Kwa nini niipe jina la mwenzake?"

Ana kichwa kigumu huyu mwanamke, na ndiyo maana nampenda.

Asad, mgane anayeuza mabomba mtaa wa pili, alianza kuja kwake kunywa kahawa. Hotuba ya spineli kaisikia mpaka angeweza kuitoa yeye. Mwaka huu akaposa, na Fakhriya, aliyeachika akiwa kijana akaapa harudii, akakubali. Nilifurahi kama naolewa mimi.

Siku ya kuvishwa pete tulijazana nyumbani kwa kaka yake, Ilala. Ruqaya, dada mkubwa wa Asad, akaingia na pete juu ya sinia la asumini, akatangaza kama yuko mnadani: "Rubi hiyo, jamani! Mdogo wetu kasema mwenyewe!" Vigelegele vikapigwa. Akaona haitoshi. "Haya wifi, wewe ndiye sonara. Hebu waambie."

Fakhriya akaigeuza pete kuelekea dirishani. Uso wake naujua, nikaona keshashuku. Akisema rubi, kaikana kazi yake. Akisema siyo, kamwaibisha mchumba mbele ya ukoo mzima, na huenda ndoa ikaishia palepale.

"Nivisheni kwanza," akasema, "nisije nikaikimbia."

Watu wakacheka, akavishwa. Mimi sikucheka.

Asubuhi dukani akaichungulia kwa kidude chake cha kupimia. Rubi huonyesha wekundu wa aina mbili. Hii ilionyesha mmoja tu. Asad alipofika nilizima redio yangu nisikie vizuri, sitaki kudanganya.

"Asad, kama umetapeliwa niambie, sitakucheka. Hii si rubi."

Nikasikia akijibu, "Najua. Niliagiza spineli, kama zile unazozipenda."

"Sasa rubi imetoka wapi?"

"Dada aliniuliza jiwe gani. Nikaona nikisema spineli, atasema nimekununulia kitu cha ovyo, na wewe sonara. Nikaogopa."

Ningekuwa mimi ningelainika hapohapo. Yeye akavua pete; niliisikia ikigonga kioo cha kabati.

"Jiwe nimelipenda kuliko chochote nilichowahi kupewa. Lakini siwezi kuvaa uongo kidoleni, Asad. Nenda kamwambie dada yako. Ukishindwa, usirudi."

Asad akaondoka bila kuaga. Nikamzungukia Fakhriya na kikombe cha chai; hakukigusa. Alikuwa analia.

"Nimemfukuza, Fortunata."

Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi, bora iishie hapa kuliko baada ya nikaha. Maneno tu. Nilikuwa na hofu kama yeye, na moyoni nilimlaani Ruqaya na sinia lake.

Adhuhuri ikapita. Simu ikalia. Ilikuwa ya Ruqaya, na sauti yake haihitaji spika.

"Wifi! Asad yuko hapa, anasema pete si rubi, na kwamba ni yeye aliyenidanganya. Ati nikitaka kucheka, nicheke. Kumbe jana ulijua?"

"Nilishuku, wifi."

"Ukaninyamazia! Na bado unaitaka?"

"Ndiyo niliyokuwa naitaka siku zote."

Ruqaya akavuta pumzi. Nikajiandaa kwa matusi.

"Basi vaa pete yako, anakuja. Tena katoka mbio aliposikia jibu lako, mtu mzima yule, viatu kaviacha kwangu."

Fakhriya alikuwa keshaivaa.