Moto wa Gobnait Minihane

Gobnait Minihane alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na kwa miaka yote niliyomjua hakuwa na kitu cha kujivunia duniani isipokuwa moto. Usicheke. Kisiwani kwetu kila mtu ana chake: huyu ana mashua, yule ana mwana padri, na Gobnait alikuwa na moto ambao haukuwahi kuzimika tangu kabla ya ile njaa kubwa ya siku za babu zetu, viazi vilipooza shambani. Aliurithi kwa mama mkwe wake, naye kwa mama mkwe wake. Kila jioni aliyakusanya makaa, akayafukia kwa majivu, akataja majina ya Bikira Mariamu na Mtakatifu Brigid, na asubuhi akafukua akayakuta bado mekundu. Mumewe alikwisha mzika. Watoto wake wawili alikwisha wazika. Moto ndio uliobaki.

Kuni zetu si miti, maana kisiwa hiki hakina miti ya kutosha hata kumnyonga mwizi. Tunachoma udongo wa kinamasi, tunaukata na kuuanika mpaka unakuwa mgumu kama tofali. Una tabia yake: ukiyafukua makaa asubuhi na usiyaongezee tofali jipya, yanakufa kimyakimya, bila hata moshi wa kuaga.

Kiangazi cha mwaka 1918 Wamarekani wakaja. Walikuja na mbao, saruji na ndege zao zinazotua majini, ili wazisake nyambizi za Wajerumani baharini. Wakapenda upande wa mashariki, ambako maji yametulia, na nyumba ya Gobnait ilikuwa katikati kabisa ya kile walichokipenda. Afisa mmoja, kijana mrefu mwenye masikio mekundu, akaja mlangoni kofia mkononi. Mimi nilikuwepo, jirani yake, nimekuja kuazima chumvi.

"Ni kwa muda tu, mama. Vita vikiisha unarudi kwako."

"Na moto je?"

"Moto gani, mama?"

Gobnait akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa huyo kijana. "Nance, mweleze huyu mtoto. Nikimweleza mimi nitamtukana."

Nikamweleza. Kijana alisikiliza kwa adabu, akafungua daftari lake, akatafuta mahali pa kuandika jambo la namna ile, hakupaona. Mwishowe akaandika "jiko".

Basi Gobnait akahamia kwangu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, sina mume, nina ng'ombe mmoja na vyumba viwili. Alipanda kilima na chungu cha chuma kilichojaa makaa, polepole, anapumua kwa pua, na alipofika mbele ya meko yangu hata hakukaa.

"Zima wako."

"Nizime wangu kwa nini, Bi Gobnait?"

"Wako ni wa kibiriti. Baba yako aliuwasha wiki aliyomwoa mama yako, nilikuwepo, na alitumia vijiti vitatu. Zima, mwanangu. Mioto miwili haikai meko moja."

Nikauzima. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja siku ya tatu. Siku ya pili alikwisha chukua jembe langu, kiti changu cha karibu na moto, na alikuwa akinifundisha kuoka mkate niliouoka maisha yangu yote. Mchana alikwenda kuwafulia Wamarekani nguo, na moto akaniachia mimi. Jioni aliufukia mwenyewe. Sikuruhusiwa kugusa majivu.

Sasa niseme kosa langu, kwa kuwa bila kosa hilo hakuna hadithi. Mimi nilikuwa mtu wa kuduwaa. Asubuhi ukungu unapolala juu ya ghuba, ndege ile ya kijivu ilishuka kwenye mteremko wa saruji, ikaingia majini, ikaingia ukunguni, ikapotea. Ukabaki mlio peke yake. Mlio ukakimbia juu ya maji usiyoyaona, kisha ukapanda, ukawa juu ya kichwa changu na juu ya kanisa, na mimi nimesimama na ndoo, sijui kama niko macho au bado niko kitandani.

"Wee Nance! Maziwa yanamwagika!" Gobnait alikuwa akiniita kutoka mlangoni.

Kilichoniduwaza si chuma kuruka. Kaka zangu watatu walikwenda Amerika, na kila mmoja tulimkeshea na kumlilia usiku kucha kama maiti, kwa sababu aliyekwenda hakurudi. Kisiwa hiki kilijua kuondoka kwa namna hiyo tu. Na hawa Wamarekani walikuwa wanaondoka kila asubuhi bila mtu kulia, halafu wanarudi kula chakula cha mchana. Nilitazama kila siku na kila siku sikuamini.

Nyumba ya Gobnait ilifanywa banda la njiwa. Ndege zile zilibeba njiwa ili, zikiharibika baharini, njiwa arudi na barua. Mtunzaji wao aliitwa Lloyd Tackett, mtu wa milima ya Kentucky, mpole, mwembamba kama ufito. Gobnait alimpitia kila jioni akitoka kufua.

"Wananya kitandani kwangu hao?"

"La hasha, mama. Wananya kabatini."

"Kabati lilikuwa la mama mkwe wangu."

"Basi nitawaambia wahamie kitandani."

Gobnait alicheka njia nzima mpaka nyumbani, na hakuwa mtu wa kucheka.

Majira ya majani kukauka yakaleta homa ile mbaya iliyoua watu dunia nzima. Ilianza kambini, ikapanda kilima. Mwanzoni mwa Novemba Gobnait akaanguka, na kwa mara ya kwanza nikayashika majivu yake. Alilala chumba cha ndani, uso umemwiva, akiamka huuliza neno moja.

"Moto?"

"Unawaka, Bi Gobnait."

"Haya." Kisha analala tena. Daktari kutoka mji wa Bantry, ng'ambo ya maji, aliniambia nisitegemee sana. Mimi niliona jambo moja waziwazi: mwanamke yule alikuwa amelishika lile neno "unawaka" kama mtu anavyoshika kamba kisimani.

Asubuhi ya tarehe kumi na moja nikafukua makaa, nikayatandaza mekundu mazuri, nikatoka nje kuchukua matofali. Nilikuwa nimejaza mikono yote miwili ndipo ving'ora vya kambi vilipolia. Kisha kengele za Bantry zikaitika kutoka ng'ambo ya maji. Kisha ndege. Siku zote zilitoka moja, au mbili. Siku ile zilitoka zote. Zilipanda moja baada ya nyingine, jua limezipiga ubavuni, zikazunguka ghuba nzima pole, hazisaki mtu, hazina haraka, nami nikasimama na udongo wangu kifuani nikizunguka nazo. Niliwaona kaka zangu wakirudi. Naapa niliwaona, wamekaa ndani, kofia zimewalalia nyuma. Sijui nilisimama muda gani.

Niliporudi ndani makaa yalikuwa kijivu. Nikatia mkono. Yalikuwa vuguvugu tu, kama kitanda cha mtu aliyekwisha ondoka. Nikapuliza mpaka nikaona nyota. Hakuna.

"Nance?" sauti ikatoka chumbani. "Kelele za nini?"

"Vita vimekwisha, Bi Gobnait."

"Na moto?"

Nilikuwa nimepiga magoti, majivu mpaka kwenye viwiko. "Unawaka," nikasema.

"Haya."

Lloyd alikuja mbio kunipa habari, akanikuta nalia, akadhani nalia kwa furaha. Nikamwonyesha meko. Furaha ikamtoka usoni. Akavua kofia, kama mtu aliyeingia kwenye msiba.

"Bibi yangu kule kwetu, kwa moto kama huu, angekuchinja," akanong'ona.

"Una kibiriti?"

Alikuwa nacho. Tuliwasha pamoja, kwa kibanzi cha sanduku la njiwa alichokuwa nacho mfukoni. Alipoondoka aliweka kidole mdomoni.

Gobnait akapona. Kila siku alikaa mbele ya moto ule, shali mabegani, akimwambia kila mgeni, "Huu ndio ulionitoa kaburini." Nami nilikuwa nakata mkate nimempa mgongo. Nilimpenda mwanamke yule, nilikwisha mpenda bila kujua ni lini, na kila sifa aliyoumwagia ule moto ilinichoma mimi.

Januari Wamarekani wakang'oa kila kitu. Mabanda yakashuka, mbao zikapandishwa melini, hata misumari waliinyoosha wakaondoka nayo. Miezi sita, na kambi nzima ikawa sakafu ya saruji na harufu ya petroli. Nyumba ya Gobnait ilibaki. Siku moja baada ya meli kuondoka, tulijaza chungu makaa, tukakishika kila mmoja upande wake, tukaanza kushuka kilima. Majirani walikuwa wanangoja mlangoni kwake kuupokea moto, na mzee Batt Cotter mbele yao.

Katikati ya saruji, mahali ndege ziliposhukia majini, nikasimama.

"Bi Gobnait, huu si moto wako. Ulikufa ile siku ya kengele. Nilikuwa nje natazama ndege. Nikauwasha kwa kibiriti, nikakudanganya."

Gobnait alitazama ndani ya chungu, muda mrefu, uso umemulikwa mwekundu kwa chini. Nilikuwa tayari kwa matusi. Nilikuwa nayatamani.

"Nani mwingine anajua?"

"Lloyd."

"Yuko wapi?"

"Kaondoka na meli jana."

"Basi haujazimika," akasema Gobnait. "Shika vizuri, unaniunguza."

Tukaendelea. Hatua kama kumi hivi, bila kunitazama, akaongeza, "Kwani unadhani mama mkwe wangu hakuwa na kibiriti?"

Mlangoni wanaume walivua kofia. Gobnait akaingia, akapiga teke kinyesi cha njiwa kando, akapiga magoti, akayamwaga makaa kwenye meko yake na kuyapangia matofali. Yakashika. Batt Cotter akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Tangu kabla ya njaa," akasema, "na haujazimika hata siku moja!"

"Hata siku moja," akajibu Gobnait, akanikazia macho.

"Hata siku moja," nikasema na mimi.