Barua ya Kuhama Musonoi

Barua pepe ilisema nyumba za Musonoi zilizo karibu na shimo la mgodi zitahamishwa, niandike neno langu la siri nione kama yetu imo. Niliandika hata kabla ya kuketi vizuri.

Wiki iliyofuata, kwenye mafunzo ya usalama wa kompyuta kwa sisi wafanyakazi wa chuo kikuu, mkufunzi alinigeukia: «Mama, ile barua ni mi nilituma, ilikuwa ya kupima batu tu.» Jina langu lilikuwa ukutani, peke yake kwenye orodha ya walionaswa. Wenzangu wakaangua kicheko. Wao wanakaa mjini, baruti ya mgodi haitikisi vikombe vyao! Niliwachukia wote, huku uso ukiniwaka kwa haya.

Sikuwaambia kwamba sikungoja jibu: nyumbani vyombo vilikuwa tayari ndani ya makartoni, na majirani nilikuwa nimeshawaaga.