Bustani ya Vipepeo Mbele ya Mlango

Kaka yangu aliponiambia ning'oe bustani iliyokuwa mbele ya nyumba yangu na kupanda chai mpaka mlangoni, ilinipasa kukataa. Sikukataa. Nilimjibu kwamba tungeanza mvua ikinyesha, na hata nikamshukuru kwa ushauri. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu, nimemaliza sekondari, na hakuna aliyenilazimisha.

Bustani ilianzishwa na mke wangu mara tu tulipooana. Alipokuwa akienda mtoni aliona vipepeo wa rangi ya chungwa, wenye ncha nyeusi za mabawa, wakizunguka gugu moja kando ya njia. Ni gugu lenye utomvu mweupe kama maziwa, na matunda yake yamevimba na kuota nywele chache kama kidevu cha mzee. Sisi tulizoea kuling'oa, kwa sababu ng'ombe akilila huugua. Yeye alingoja matunda yapasuke, akafunga mbegu kwenye leso, akazipanda mbele ya nyumba na kuzungushia ua wa matete ili ndama asifike. Kando yake akapanda maua aliyoomba misheni. Aliniambia kwamba kiwavi hula majani ya gugu lile tu, lakini kipepeo hutafuta maua yoyote yenye utamu.

Viwavi walipotokea, wenye mistari myeusi, myeupe na ya njano, walikula majani mpaka vikabaki vijiti. Nilichota jivu jikoni niwamwagie. Mke wangu akanizuia, akaniuliza kama wanafunzi wangu wakila sana huwa nawamwagia jivu. Nikalirudisha.

Siku chache baadaye kila kiwavi alijining'iniza chini ya jani na kugeuka kijumba cha kijani chenye vidoa vya kung'aa. Asubuhi moja kijumba kimoja kilipasuka, kipepeo akatoka amekunjamana kama shati lisilopigwa pasi. Nilichelewa shuleni siku hiyo kwa kumsubiri akauke.

Aliyeipenda bustani kuliko sote alikuwa baba yangu, ambaye sote tulimwita Tata. Kwa desturi yetu Wagusii, mwana akishaoa, baba yake haingii nyumbani mwake, hata mvua ikinyesha. Ni heshima, wala hatukuiona kuwa mzigo. Basi kila Sabato baada ya kanisa baba alikuja, nami nikamtolea kigoda, akakaa pale kwenye maua. Mke wangu alimwekea uji wa wimbi, kisha akaendelea na mambo yake, tukabaki sisi wawili mpaka jua liiname.

Utotoni nilimwogopa mzee huyo. Pale bustanini alinisimulia jinsi alivyokwenda Kericho akiwa kijana, kuchuma chai ya wazungu, na jinsi alivyomlilia mama yake njiani akidhani wenzake hawamwoni. Nilikuwa sijapata kumsikia akisema aliwahi kulia. Nyakati nyingine tuliwatazama vipepeo tu.

"Leo kijiji kizima kimepumzika," aliniambia Sabato moja, akiwanyooshea vipepeo fimbo yake. "Hawa tu ndio wanafanya kazi. Wapeleke mbele ya wazee wa kanisa."

Kisha kaka yangu akaja kututembelea. Alikuwa na shamba la chai upande wa Kebirigo na lilimwendea vizuri. Alisimama kwenye ua wa matete na jirani zangu wawili, akainama kutazama.

"Mwalimu, kumbe siku hizi unafuga funza?" akasema. "Na unawalisha sumu ya ng'ombe!"

Jirani zangu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Niliona aibu kwamba mtu aliyesoma ameacha ardhi nzuri kwa wadudu. Ndipo akanipa ule ushauri, nami nikaukubali papo hapo.

Nilipomweleza mke wangu, hakubishana. Aliuliza jambo moja tu.

"Na Tata atakaa wapi?"

"Atakaa kwake," nikamjibu. "Sisi ndio tutamtembelea."

Tulipong'oa, aliwaokota viwavi mmoja mmoja, akawapeleka kwenye magugu ya kando ya njia. Tukapanda miche ya chai. Ilistawi, ikatusomeshea watoto, na siilaumu. Shamba lililobaki lingetosha kwa chai; kipande kile cha mlangoni ningeweza kukiacha.

Michai ilipokua, njia ya kufika mlangoni ikawa nyembamba, na pembeni yake hapakuwa na nafasi ya kuweka hata kigoda. Baba alikuja mara moja. Alisimama katikati ya mistari, koti lake limelowa umande wa majani, akauliza habari za watoto. "Mmepanda vizuri," akasema, akageuka. Hakurudi tena.

Nilimtembelea kwake kama nilivyoahidi. Lakini kwake kulikuwa na wazee wenzake, kesi za mipaka na wageni, nami nilikaa nyuma nikisikiliza, kama inavyompasa mwana. Hatukupata tena kukaa wawili. Alifariki kabla miaka ya sabini haijaisha.

Palikuwa mahali pekee ambapo baba yangu angeweza kukaa nami kwangu, nami nikapapanda chai kwa kuogopa kuchekwa. Kwa hiyo nilipoteza miaka ya mwisho ya mazungumzo na baba yangu, na mengi aliyokuwa bado hajanisimulia alizikwa nayo.